Mgongo wa Bi Tokie

Siku aliyopigwa mwavuli wa kisogo, Tokie Ikushima ndiye aliyeomba radhi. Hilo ndilo lililomchoma, wala si mwavuli. Uvimbe aliukanda kwa barafu, ukanywea kabla wiki haijaisha. Lakini ile "samahani sana, mteja wetu" iliyomtoka akiwa bado ameinama, machozi ya maumivu yakimdondoka sakafuni, ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kuimeza hawezi, kuitema hawezi.

Lilikuwa duka kubwa la ghorofa nane hapa kwetu Osaka, kule chini kabisa kwenye vyakula. Tokie alikuwa akiuza achari. Ukitaka biringanya za maji za Senshu, kusini mwa mji wetu, zile nono zinazovundikwa kwenye pumba za mchele na kuchanwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa kisu, ulikwenda kwa Tokie. Mama yake alikuwa mkulima wa biringanya hizo, kwa hiyo alizijua tangu zikiwa maua. Na mteja akishanunua, Tokie hakumsukumia mfuko juu ya kaunta kama anayemtupia mbuzi majani. Alizunguka, akatoka nje ya kaunta, akamkabidhi mfuko kwa mikono miwili, akainama. Kwenye maduka ya hadhi ile ndivyo inavyofanywa, na Tokie alikuwa ameifanya kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu alipokuwa msichana anayewekewa ubao mgongoni ili kuinama kwake kunyooke.

Bwana Ogaki alikuwa mstaafu wa kampuni ya chuma, mtu wa mashati ya kitani na mwavuli mweusi hata jua likiwaka. Siku hiyo alikuja kulalamika kwamba biringanya za wiki iliyopita zilizidi chumvi. Tokie akatoka nje ya kaunta na mfuko mwingine wa bure, akasema samahani, akainama. Alipokuwa chini hivyo, shingo wazi, yule bwana akageuza mwavuli akampiga kisogoni kwa mpini. Tokie akaomba radhi tena. Kisha Bwana Sakakura, mkuu wa ghorofa ile, akaja mbio, na yeye akainama chini zaidi kuliko Tokie, akaomba radhi pia.

Yaani watu wawili wazima wanamwomba radhi mwanaume aliyempiga mwanamke mchana kweupe. Sisi wa Osaka tunapenda kujigamba kwamba hatuna adabu za kuigiza, hizo tumewaachia watu wa Tokyo. Haya, siku ile tulikuwa wapi? Duka lilijaa watu, kila mmoja akajifanya anachagua samaki.

Kesho yake asubuhi Sakakura alimfuata Tokie akiwa amebeba boksi la keki za maharage, limefungwa kwa karatasi nzuri ya duka.

"Bi Tokie, vaa koti. Tunakwenda kwa Bwana Ogaki."

"Kufanya nini?"

"Kuomba radhi, tu. Tunafika mlangoni, tunainama, tunampa keki, tunarudi. Hata viatu hatuvui."

"Mkuu, si yeye ndiye aliyenipiga?"

"Najua. Jamani, mimi si kipofu. Lakini ndivyo mambo haya yanavyokwisha."

"Basi hayajaisha," Tokie akasema. "Nenda wewe. Ukifika mwambie kisogo changu kinamsalimu."

Sakakura hakuwa mtu mbaya, nisimpakazie. Alikuwa mwoga, na mwoga mwenye cheo anaumiza watu wengi kuliko mbaya asiye na cheo. Alikwenda peke yake na keki zake. Aliporudi alimhamishia Tokie stoo ya nyuma, akae na mapipa ya pumba, avundike na kufungasha, asionekane na wateja. Akamwambia atarudi kwenye kaunta siku atakayokubali kuomba radhi.

"Nitarudi," Tokie akamjibu, "na radhi siombi."

Maneno hayo aliyatoa kwa kiburi, na kiburi kilimpendeza. Lakini alipobaki peke yake na mapipa, hofu ilimwingia. Siku moja kijana wa mizigo alibamiza mlango wa stoo kwa nguvu. Kufumba na kufumbua Tokie alikuwa ameinama mbele ya rafu ya makopo, akasema, "Samahani sana, mteja wetu." Aliiomba radhi rafu. Alikaa juu ya pipa akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, akalia kwa hasira kweli kweli. Sasa alijua adui yake wa kwanza si Ogaki. Angerudi kwenye kaunta, sawa, na angekutana naye tena, maana mzee yule alikuwa anakuja kila Alhamisi na sasa alipewa achari za bure kama mfalme. Na siku mkono wake ukiinuka tena, mwili wa Tokie ungemsaliti vilevile. Ungeinama na kuomba radhi. Kaunta aliitaka, lakini aliitaka kwa mwili usiomtia aibu.

Aliyempeleka kwa Tamayose, mwalimu wa kujihami, ni Chigusa, msusi wake, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali kuliko mikasi yake.

"Unanilipa nikutengeneze kichwa," Chigusa alisema akiuangalia ule uvimbe, "halafu mtu anakuja kukibomoa. Hiyo ni dharau kwangu. Jumanne nifuate mazoezini."

Chumba cha mazoezi kilikuwa mtaa wa Taisho, juu ya duka la tambi, mahali wanapokaa watu wengi wenye asili ya visiwa vya Okinawa. Ukipanda ngazi harufu ya supu ya nyama ya nguruwe ilikupokea kabla ya mwalimu. Tamayose alikuwa Mwokinawa wa makamo, mfupi, zamani alikuwa akilinda mlango wa baa. Pua yake ilikuwa imevunjwa mara nyingi kiasi kwamba haikujua tena ielekee wapi.

"Hapa sifundishi kupigana," alimwambia Tokie siku ya kwanza. "Kupigana ni pale unapojua kuna ugomvi. Unakunja ngumi, unavua saa, unatukana kidogo. Mimi nafundisha ule wakati ambao hujui. Unamenya kitunguu, unafunga kamba ya kiatu, mara mtu huyo hapo. Akili bado iko kwenye kitunguu. Anayekujibia ni mwili."

"Na mwili ukijibu upumbavu?"

"Hakuna jibu la upumbavu. Kila mwili una jibu lake la kwanza. Mwingine anarusha mikono, mwingine anaruka nyuma, mwingine anajikunja. Hilo jibu sikulitia mimi na siwezi kulitoa. Nalichukua lilivyo, nalipatia kazi."

Kauli nzuri. Iwekeni akilini, maana yeye mwenyewe aliisahau.

Mafunzo yalikuwa hivi: wanafunzi wanafanya shughuli za kawaida, wakikunja taulo, wakimenya karoti, wakipiga soga. Katikati ya soga, mmoja aliyevaa nguo nene za sponji anamvamia mwenzake bila taarifa, akiwa na fimbo ya mpira. Mwanamke aliyekuwa anakunja taulo alirusha mikono yote miwili usoni, na Mwalimu akamfundisha kuisukuma mbele mikono hiyohiyo, impige mvamizi kidevuni. Dereva mmoja wa teksi aliruka nyuma kama paka, akafundishwa kuruka pembeni. Wote waliweza.

Kisha ikafika zamu ya Tokie. Alipewa karoti. Chigusa, ndani ya sponji zake, akamjia kwa ubavuni.

Tokie akainama mpaka chini, karoti mkononi. "Samahani sana, mteja wetu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Dereva wa teksi alilala chini kabisa. Chigusa alisimama na fimbo yake hewani, akasema, "Sasa mimi nikupige au nikununue?"

Tokie alicheka nao, lakini alikuwa mwekundu hadi masikioni. Wiki ile, na iliyofuata, na zile za masika yote, aliinama. Tamayose alimfundisha arudi nyuma, akainama. Alimfundisha ainue mikono, akaiinua vizuri kabisa alipojua anakuja kuvamiwa, na asipojua akainama. Mwalimu alianza kupoteza subira. Alimwambia kuinama kunaanika shingo, kunafunga macho, kunampa mtu kisogo kama zawadi. Yote ni kweli, Tokie alikuwa na ushahidi wake kisogoni.

"Huu mgongo wako tutauvunja," Tamayose alisema siku moja, na akaleta mpini wa ufagio. Aliufunga kwa mkanda kwenye uti wa mgongo wa Tokie, toka kiunoni hadi juu ya kichwa, eti asiweze kujikunja. Tokie alifungwa shingo upande. Ubao wa usichanani ulimfanya ajue kuinama, sasa mti mwingine ulitaka kumsahaulisha. Alipewa taulo za kukunja. Safari hii Tamayose hakumtuma Chigusa, alikwenda mwenyewe.

Alimjia kwa mbele, ghafla, mkono juu. Mgongo wa Tokie haukujikunja, kweli, lakini kiuno kilikuwepo. Akainama mzimamzima kama mlingoti unaoanguka, na ncha ya ufagio ikamkuta Mwalimu kidevuni. Tamayose alikaa kitako juu ya taulo zilizokunjwa.

Safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu alikuwa Mwalimu. Tokie alifungua kinywa, na kila mtu alijua kinachokuja ni samahani. Hakikuja.

"Mwalimu," alisema, "ulituambia unachukua jibu la mtu lilivyo na kulipatia kazi. Huyu karusha mikono, umempa kazi ya mikono. Yule karuka, umempa kazi ya kuruka. Mimi tu ndiye unayetaka kunivunja mgongo. Kwa nini? Kwa kuwa kuinama kunakuchekesha?"

"Bi Tokie, shingo..."

"Shingo nimeielewa. Nifundishe kuificha. Lakini kuinama kwangu niachie. Nimeinama zaidi ya miaka thelathini, nimesomesha mtoto kwa kuinama, sina mwendo mwingine wa haraka mwilini mwangu kuliko huo. Duka limeninyang'anya kaunta. Wewe nawe unataka mgongo?"

Tamayose alijipapasa kidevu. Halafu akaanza kucheka taratibu, akainua mikono kama anayejisalimisha.

"Fungueni huo ufagio," alisema. "Nimepigwa na nimetukanwa, na yote ni haki yangu."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kuinama kulibaki, wakaanza kukupamba. Mikono, badala ya kuteremka mapajani, ilifundishwa kupanda, viwiko mbele na mikono ya chini ikifunika kichwa na kisogo, kama mtu anayevua fulana. Mguu, badala ya kubaki sambamba na mwenzake, uliingia hatua ndani, pale pale anaposimama mvamizi, kwa sababu mwenye fimbo anataka nafasi na ukimwingilia kifuani hana. Utosi ukaelekezwa mbavuni. Mwisho viganja vinasukuma. Tokie aliinama nyumbani kwake mbele ya friji, aliinama stoo mbele ya mapipa, na kila mara kijana wa mizigo alipobamiza mlango aliinama hivyo. Rafu ya makopo ilianguka mara moja, akaipanga upya akiwa anatabasamu.

Ulibaki mdomo. Mwili ulikubali kazi mpya lakini mdomo uliendelea na samahani yake, kila mara. Walijaribu "Acha", ikatoka imechelewa. Walijaribu ukelele mtupu, haukutoka kabisa. Tokie aliona haya kuliko alivyoona kwenye kuinama.

"Kule dukani mnasema maneno mangapi?" Chigusa akamuuliza. "Yale yanayotoka bila kufikiri."

"Mawili. Samahani na karibu."

"Basi mkaribishe."

Tamayose akatikisa kichwa akicheka, akasema hiyo si sauti ya vita. Tokie akajibu kwamba yeye si askari, ni muuza achari. Na ile karibu ya maduka yetu si ya kunong'ona, inatolewa kutoka tumboni ifike upande wa pili wa soko. Jumanne iliyofuata Chigusa alipomrukia, ilitoka yenyewe, ikatikisa vioo vya dirisha. Tokie alirudi nyumbani siku hiyo akapika wali, akachana biringanya, akala peke yake kwa raha. Hakuwa amejisikia hivyo tangu siku ya mwavuli.

Ikafika Julai, msimu wa zawadi za katikati ya mwaka, ambapo Osaka nzima inatumiana achari, tambi na sabuni. Msichana aliyewekwa kwenye kaunta ya Tokie alikuwa anakata biringanya kwa kisu. Wateja walilalamika. Mama mmoja mzee, Bi Nakatsuji, mteja wa miaka mingi, alimwambia Sakakura wazi kwamba haleti senti yake pale mpaka amwone Tokie. Sakakura alikwenda stoo, akasimama mlangoni akichezea tai.

"Rudi mbele, Bi Tokie. Lakini nakuomba, pasiwe na vurugu."

"Mimi sijawahi kuleta vurugu, mkuu. Huwa naletewa."

Alhamisi Ogaki alikuja. Ilikuwa kabla ya saa sita, watu wamejaa. Tokie alikuwa ametumbukiza mikono kwenye pumba, anamtolea Bi Nakatsuji biringanya zake. Alimwona kwa mbali, ule mwavuli kwanza. Aliogopa, nisiseme uongo. Lakini hakubanduka.

"Bado upo?" Ogaki akasema, akimpita Bi Nakatsuji kana kwamba ni nguzo. "Nyumbani kwangu hukuja. Mkuu wako alikuja, wewe hukuja."

"Sikuja, ndiyo. Na mama huyu yuko mbele yako, bwana. Nitakuhudumia baada yake."

"Utaniomba radhi kwanza."

"Hapana," Tokie akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwambia mtu figili zimekwisha. Ogaki akamkata jicho, akageuka kama anayekwenda zake. Tokie akafunga biringanya, akazitia kwenye mfuko, hata hakunawa pumba mikononi maana Bi Nakatsuji alikuwa amesimama muda mrefu, akazunguka akatoka nje ya kaunta. Akili yake ilikuwa kwa yule mama na miguu yake mibovu. Ogaki akageuka na mwavuli juu.

Tokie hakumwona. Anasema mpaka leo kwamba hakumwona. Mfuko ulianguka, mikono ikapanda, mguu ukaingia, akainama.

"Karibu sana!"

Ninyi mnaoyajua maduka yetu mnajua kilichofuata. Muuzaji mmoja akipaza karibu, kaunta zote zinaitikia, ndivyo tulivyofunzwa, mtu haulizi. Muuza samaki akaitikia karibu sana, wa tofu karibu sana, wa chai, wa maandazi, ghorofa nzima, na wakiitikia huinua macho kumtazama mgeni anayekaribishwa. Safari hii hakuna aliyekuwa anachagua samaki. Wote waliuona mwavuli mweusi ukitua juu ya mikono ya chini ya Tokie, wakauona utosi wake ukimwingia Ogaki mbavuni, na viganja vikimsukuma. Yule bwana alirudi kinyumenyume akakalia pipa la pumba lililokuwa wazi kando ya kaunta, akazama hadi kiunoni. Kwenye shati lake la kitani kulikuwa na alama mbili za viganja, vidole vyote kumi vinahesabika.

Hakuumia. Alikuwa anahema tu, ametoa macho, anajaribu kutoka kwenye pipa na haliachii.

Sakakura alifika mbio, mgongo umeshapinda kabla hajajua amefika kwa nani. Alimwinamia Ogaki pale kwenye pipa, akamgeukia Tokie, uso umemjaa jasho.

"Bi Tokie," alinong'ona, "watu wanatazama. Mwinamie, mara moja tu, yaishe."

Tokie aliokota mwavuli, akaukunja, akauegemeza kwenye kaunta. Mikono ilikuwa inamuuma.

"Nimeshamwinamia, mkuu. Muulize mwenyewe."

Mtu mmoja upande wa samaki alipasua kicheko, kikasambaa. Tokie hakucheka.

"Nyingine hapati," akasema. "Sasa ama wewe unapiga simu polisi, ama napiga mimi. Mashahidi ni hawa wote, wametoka kumkaribisha."

Sakakura alimtazama mtu wa samaki, na wa tofu, na wa chai. Hakuna aliyeangalia pembeni. Akatoa simu mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie ghorofa ile aliongea na mtu kwenye simu bila kuinama.

Tokie alinawa mikono. Aliokota ule mfuko, akaona biringanya moja imepasuka, akachagua nyingine nono zaidi, akafunga upya. Kisha akazunguka, akatoka nje ya kaunta, akasimama mbele ya Bi Nakatsuji, akampa mfuko kwa mikono miwili. Akamwinamia taratibu, mgongo umenyooka, kisogo wazi.

"Samahani kwa kukusubirisha, mama," alisema, na hiyo aliitoa kwa hiari yake.